Mume wa Watu Niliyempeleka Luhwindja

Mimi ni mtu wa kichwa. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa hakuna aliyenipa kitu kingine. Baba yangu alikuwa seremala Kadutu, na tulikuwa watoto tisa katika vyumba viwili. Nilipofika miaka saba nilikuwa nimeshika katekisimu nzima, maswali na majibu, na padri wa parokia yetu alikuwa akiniita mbele ya watu wazima walioshindwa kujibu ili waone aibu. Baba alinituma kwa wateja kupima milango na madirisha kwa kamba, bila penseli, nami nilirudi na vipimo vyote kichwani. Hakuna mlango niliowahi kuukosea. Baadhi ya milango hiyo ingali Kadutu mpaka leo. Nendeni mkaifunge, mwone kama inabana.

Kisha niliondoka. Nilishuka Uvira na mfuko mmoja, nikavuka ziwa, nikabeba magunia Kigoma, nikaosha vyombo vya hoteli Dar es Salaam, nikasoma jioni nikiwa na harufu ya mafuta ya kukaangia nguoni, mpaka nikapata diploma ya saikolojia. Hakuna mjomba aliyenilipia. Darasani nilikuwa wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mkufunzi. Niliporudi Bukavu vita ya pili ilikuwa imekwisha kuanza, mji uko mikononi mwa waasi, na kila mwenye uwezo wa kutoka alikuwa anatoka. Mimi niliingia. Nilitundika diploma yangu katika nyumba ya baba, juu ya meza ilipokuwa ikikaa redio kabla ya redio kuporwa.

Natangulia kusema haya ili ijulikane aliyekosea ni nani. Si mtu asiyesoma.

Nilipata kazi katika shirika dogo lisilokuwa na bango mlangoni, karibu na Nyawera. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Watu waliokimbia vijiji walikuwa wamejaa katika madarasa ya shule moja upande wa Bagira, nasi tulikwenda kuwasikiliza waliyoyaona, na zaidi ya yote waliowaona, kwani karibu kila nyumba mjini ilikuwa imepoteza mtu njiani. Wengine walipotea wakielekea Kalehe, wengine walipanda mitumbwi kwenda Idjwi, wengine waliingia misitu ya Mwenga na hawakusikika tena. Mtu alikuja ofisini kwetu akasema, namtafuta fulani, yuko hivi na hivi. Sisi tuliuliza kule shuleni. Ikipatikana habari, tunamwita.

Hatari ilikuwa karatasi. Kati ya Bagira na mjini kulikuwa na kizuizi cha askari, bariyeri kama tunavyoiita, na pale walisoma kila kitu, hata barua za posa. Mwenzetu mmoja alikamatwa na kijitabu chake. Walimlazimisha kukila. Alitafuna ukurasa baada ya ukurasa, akapewa maji mara moja tu, kisha wakamwachia aende. Alipofika ofisini tulimwuliza mashahidi wake walisema nini. Hakukumbuka hata mmoja, maana alikuwa amewaweka wote kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipojitolea. Niliwaambia, mimi sihitaji karatasi. Nilieleza njia niliyojifunza chuoni: unachukua barabara unayoijua vizuri, na kila jambo unalotaka kulikumbuka unaliweka mahali pake, kama mtu anayepanga vyombo kwenye kabati. Halafu unatembea tena akilini na kuvichukua kimoja kimoja. Barabara yangu ilianzia bariyeri ikaishia ofisini, na ilikuwa na vituo kumi. Kulikuwa na kibanda cha mikate, ukuta wenye picha ya sabuni, bomba la maji, kibaraza cha fundi cherehani, pampu ya mafuta iliyoungua, ngazi za kanisa na vingine. Shahidi wa kwanza nilimweka kwenye mikate, wa pili ukutani, hivyo hivyo. Nilipita mbele ya askari mikono mitupu, nikipigwa sachi mpaka soksi, na watu kumi wamekaa kichwani mwangu kimya.

Ofisini alinisubiri sekretari wetu, mama mjane aliyenizidi umri, mwenye mwandiko wa masista. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari, na alilificha ndani ya gunia la unga wa muhogo katika chumba cha nyuma. Nilisema, akaandika. Alikuwa akiniita Papa Diplome.

"Papa Diplome, na siku ile kichwa itapigwa risasi, tutasoma wapi?"

"Haitapigwa, maman. Andika."

"Niko naandika. Nauliza tu, juu unga iko nyepesi kubeba kupita kichwa yako."

Miezi minane nilifanya hivyo bila kosa. Nilikuwa na fahari nayo, na ningali nayo.

Basi akaja mwanamke mmoja. Alikuwa kijana, ana mtoto mgongoni asiyezidi mwaka mmoja. Mume wake alikuwa fundi wa redio katika soko la Kadutu, na siku mji ulipopigwa walipotezana. Yeye alikimbia na mtoto upande wa milima, mume alikuwa kazini. Nilimwuliza alama. Alisema mume wake hana kucha kwenye dole gumba la kushoto, liliungua kwa chuma cha lehemu, limebaki bapa kama kijiko. Alisema hatembei bila bisibisi yake ndogo ya kupimia umeme. Alisema mengine pia, urefu, rangi, lakini hayo ndiyo yaliyokuwa na maana. Tuliandika. Alikuwa akirudi kila wiki, anakaa kwenye benchi, na akiambiwa hakuna habari anasema "sawa, papa" na kuondoka bila kelele. Hao ndio waliokuwa wagumu kwangu. Wanaolia wanakupa kitu cha kufanya.

Siku ninayoisimulia nilisikiliza watu sita kule shuleni. Wa nne alikuwa mzee aliyechimba dhahabu Luhwindja na kukimbia. Alisema kule mashimoni kuna mtu wa Bukavu, mwalimu, ana koti la kijani na kofia ya sufu, anawachotea wachimbaji maji ili apate kula. Nilimweka mzee huyo kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Wa tano hakuwa mkimbizi. Alikuwa mama wa Idjwi anayeleta sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kuuza, aliyesikia tunauliza watu, akatua beseni lake. Alisema kisiwani kwao kuna mtu anatengeneza redio, dole gumba lake la kushoto halina kucha, anaogopa kuvuka kurudi mjini kwa sababu wanaume wanachukuliwa bandarini. Nikamwambia mke wake anamtafuta. Nilimweka mama huyo, na beseni lake la samaki, kwenye pampu iliyoungua. Nilimwona kabisa akiwa amekaa pale.

Nilipita bariyeri salama. Nilipita mikate, ukuta, bomba. Nilikuwa nimefika mbele ya kile kibaraza ndipo risasi zilipoanza. Sijui nani alimpiga nani, hatukujua kamwe siku zile. Nilijirusha mtaroni na uso wangu ukaingia kwenye maji machafu. Juu yangu fundi cherehani alikuwa ameacha mashine na kulala chini, na gurudumu la mashine lilikuwa bado linazunguka. Kisha vikaja viatu. Vilisimama karibu na sikio langu, hatua moja. Kiatu cha kulia kilifungwa kwa waya wa umeme wa kijani badala ya kamba, na waya ulikuwa umepitishwa katika matundu manne tu, tundu la tano tupu. Nilitazama tundu lile. Nilifikiri, akiinama ataniona, akiniona nimekwisha. Hakuinama. Viatu viliondoka.

Kiatu kile naweza kukichora leo. Waulize wote waliowahi kulala mtaroni, watakupa kiatu, au mtutu, au pete kwenye kidole cha aliyeshika bunduki. Chuoni tulifundishwa hilo: hofu inashika kitu kimoja kwa meno na kuviacha vingine vyote vianguke. Niliandika vizuri sana kwenye mtihani kuhusu jambo hilo. Pale mtaroni sikulikumbuka.

Niliingia ofisini nimelowa, meno yanagongana, lakini kichwa juu. Sekretari alinipa kitenge nijifunike akasema tungoje mpaka kesho. Nilikataa. Nilitaka aone. Nilifumba macho nikatembea ile barabara, nikawatoa mashahidi mmoja mmoja, na nilipofika kwa wa nne nilisema kwamba mzee mmoja amemwona fundi wa redio Luhwindja, kwenye mashimo ya dhahabu, hana kucha kwenye dole gumba, amevaa koti la kijani, anachota maji.

"Ni yule bwana ya ule mama wa benchi," sekretari alisema, kalamu imesimama.

"Ndiye."

"Uko na hakika, papa? Leo umelala mu mutaro."

"Maman, niulize hata kofia yake. Ni ya sufu."

Akaandika. Na habari ikishaandikwa kwa mwandiko wa masista, nani ataitilia shaka?

Mwanamke alipokuja, nilimwambia mwenyewe. Nilisema polepole, kama mtu mwenye diploma. Akamshusha mtoto mgongoni akampakata.

"Koti ya kijani?" aliuliza. "Hakuwaka na koti ya kijani."

"Watu wananunua makoti, maman."

"Na anachota maji? Yeye, na ile mikono?"

"Vita inafundisha watu kazi nyingi."

Nilikuwa na jibu la kila kitu. Nayaona sasa yale maswali yake, yalikuwa milango miwili iliyofunguliwa mbele yangu, nami nikaifunga yote kwa heshima. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kwa Mashi, lugha ya kwao, "koko, koko bwenene," na kesho yake alfajiri akaondoka kwa miguu na kundi la wafanyabiashara wa chumvi waliokuwa wanaelekea Walungu, na kutoka Walungu wajaribu kufika Luhwindja.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mama wa Idjwi aliingia ofisini na beseni lake. Hakuwahi kufika kwetu kabla, alikuwa ameulizia.

"Nakuya kuuliza kama mulimwambia bibi ya ule fundi," alisema. "Anasema kama iko muzima, akuye. Amenipa hii." Akatoa kwenye fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga, bisibisi ndogo yenye mpini wa plastiki. "Anasema akiiona atajua."

Nilimwuliza fundi gani. Nilijua fundi gani.

"Wa maredio. Ule hana lukucha."

"Maman, wewe uliniambia habari za mtu mwingine. Yule wa kucha yuko Luhwindja."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo, bila ubaya. "Mimi nikuambie ya Luhwindja? Sijafikaka Luhwindja na miguu hii. Papa, mimi najuaka maji tu."

Nitasema kweli. Wazo langu la kwanza halikuwa juu ya yule mwanamke aliyekuwa njiani. Nilifikiri namna ya kuonyesha kwamba mama huyu anadanganya. Nilifumba macho nikaenda kwenye pampu iliyoungua kumtazama. Pampu ilikuwa tupu. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani, beseni mapajani, bega kwa bega na yule mzee wa Luhwindja, na mzee alikuwa ananiambia habari za redio kwa sauti ya mzee. Nilimsikia. Sikuwa nimewahamisha mimi. Nani aliwahamisha? Niliogopa mtaroni, ndiyo, lakini hofu ya mtaroni ina mlango, viatu vikiondoka unatoka. Hii ilikuwa ndani ya kitu pekee nilichokuwa nacho duniani.

Yule mwalimu wa koti la kijani hakuwa na mtu aliyekuja kumwulizia. Upande huo Mungu alinihurumia.

Sekretari alikuwa amesikia yote. Alitoka chumba cha nyuma, mikono ina unga.

"Ameondoka jana alfajiri," alisema. "Wanapumzikaka Mugogo, na kesho yake wanafika Walungu. Ukipata kamyo leo, utamupata."

"Nani, mimi?"

"Sasa nani? Nani anajua sura yake?"

"Wewe umemwona kila wiki."

"Mimi nakuwaka kule nyuma na gunia. Najua sauti tu." Alipangusa mikono. "Ng'ambo ya Walungu hakuna mutu wa kumurudisha, papa. Enda."

Kila mtu alijua maana yake. Mpaka Walungu barabara ilikuwa ya waasi walioshika mji. Kuanzia pale mbele ilikuwa na wenyewe wengine, waliolala msituni, na wiki iliyotangulia lori moja lilikuwa limerudi bila abiria hata mmoja, dereva haongei. Mwanamke mwenye mtoto, anayeuliza habari za mume katika mashimo ya dhahabu, pande zote mbili zingemwona mpelelezi. Na aliyemtuma ni mimi.

Nilipata lori lililobeba mapipa matupu. Nilikaa juu, bisibisi nimeichomeka ndani ya soksi. Tulipita Panzi, tukapita Nyantende, na muda wote nilimfikiria baba. Alikuwa na msemo wa kazini, mteja akiuliza kabati lake liko wapi: "Kabati haliko, mbao ndizo ziko." Chuoni walituchorea kumbukumbu kama ghala, lakini nadhani baba angeieleza vizuri zaidi. Huhifadhi kabati. Unahifadhi mbao, na kila ukiulizwa unaliunga upya mbele ya mteja, haraka, na ubao ukikosekana unachukua wa kabati la jirani ulio na kipimo kilekile. Mlango ukifunga vizuri, hata wewe fundi hukumbuki kwamba si wake. Kofia ya sufu ilifunga vizuri mno.

Bariyeri ya kwanza walituteremsha. Askari mmoja, macho mekundu, alinivuta pembeni.

"Unaenda wapi?"

"Walungu. Namtafuta dada yangu."

"Iko namna gani, dada yako?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimemwona mwanamke yule mara saba au nane, mita moja mbele yangu. Nilitafuta uso wake na hapakuwa na uso. Palikuwa na benchi, na mtoto, na sauti inayosema "sawa, papa".

"Ana mtoto mdogo," nilisema. "Amevaa kikwembe cha ndege. Ndege wakubwa, wekundu."

"Sikuuliza kikwembe. Nauliza mutu. Mwembamba? Munene? Mweusi?"

"Mwembamba," nilisema, kwa kubahatisha.

Aliwageukia wenzake. "Muone huyu. Dada yake anamujua na kikwembe tu. Siku akibadilisha nguo, ataoa dada yake." Walicheka. Yeye hakucheka. Alielekeza mtutu kwenye miguu yangu, karibu na ile soksi. "Wewe hauna dada," alisema.

Sikuwa na jibu hata moja, mimi. Labda ndicho kilichoniokoa, maana mwongo wa kazi angekuwa nalo. Dereva alimpa sigara, wakazungumza, nikapanda tena juu ya mapipa.

Mugogo waliniambia wauza chumvi wamepita tangu asubuhi. Lori halikuendelea. Nilitembea na watu wa soko, na kila mwanamke mwenye mtoto aliyekuwa mbele yetu nilimkimbilia, nikampita, nikageuka kumtazama, na kila mmoja ningeweza kuapa kuwa ndiye mpaka aliponiuliza nataka nini. Mmoja alinitukana. Mwingine aliogopa, akamvuta mtoto kifuani akaacha barabara. Nilijua kwamba naweza kumkuta, nikampita, nisimjue. Nilijua pia kwamba naweza kumchukua mwanamke asiye yeye na kumwambia kwa hakika kabisa kwamba mume wake yuko Idjwi. Basi nilishika kitu kimoja nilichokuwa nacho, wale ndege wekundu, nikawatafuta wao tu.

Walungu soko lilikuwa linafungwa. Wauza chumvi walikuwa wamekaa chini ya ukuta wakifunga mizigo upya, kwani walikuwa wamepata habari kwamba njia itakuwa tulivu kwa saa chache, na walitaka waitumie. Nilipita mbele yao nikitazama nguo. Hakukuwa na ndege. Niliulizia, mtu akasema wanawake wawili wametangulia na watoto. Nikaanza kutembea kuelekea huko, nje ya soko, kwenye barabara ile yenye wenyewe wengine.

"Papa wa ku bureau."

Mwanamke alikuwa akimwita papa wa ofisini; niliendelea kutembea.

"Papa. Papa wa ku bureau. Unaniacha?"

Niligeuka. Alikuwa amekaa chini ya ukuta, kati ya wauza chumvi, ananyonyesha. Nilikuwa nimempita hatua tatu. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sura ya mviringo. Kikwembe chake kilikuwa cha buluu, hakina ndege, hakina hata ua moja.

Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia. Nilijaribu kwanza kuanza na risasi za siku ile, na mtaro, na kiatu, lakini hakuwa ameuliza hayo. Nikasema: "Nilikosea. Hayuko Luhwindja. Yuko Idjwi. Nilichanganya watu wawili."

Alimtoa mtoto kwenye titi, akafunga kikwembe, bila haraka.

"Ile siku ulikuwa na hakika," alisema.

"Ndiyo."

"Ulinipa mpaka rangi ya koti."

"Ndiyo."

"Na leo? Uko na hakika?"

Wauza chumvi walikuwa wamesimama. Mmoja wao alimwita, mama twende, njia haitungoji. Yeye hakumtazama. Alinitazama mimi, na nilifahamu kwamba nikisema ndiyo kwa sauti ileile ya ofisini, hana sababu ya kuniamini, na nikisema hapana ataondoka nao.

"Mimi mwenyewe sina hakika ya kitu," nilisema. "Lakini nimepewa hii." Nikavua kiatu, mbele ya watu wote, nikatoa bisibisi kwenye soksi.

Aliishika. Hakuitazama ncha, aligeuza mpini akauweka karibu na macho. Kulikuwa na vishimo vidogo kwenye plastiki, ambavyo mimi, mtu wa kukumbuka vitu, sikuwa nimeviona siku nzima.

"Anaishikaka na meno," alisema, "mikono yote mbili ikiwa mu redio. Nilimuambia, utakuya kumeza umeme." Akapitisha kidole juu ya vile vishimo, mara mbili, tatu. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akainua mzigo wake, na kugeuka upande tuliotoka.

Wauza chumvi waliendelea bila yeye. Lililowapata sikuliona, nalo lilisimuliwa Bukavu kwa namna tatu, kila moja na mtu aliyeapa. Sitachagua.

Tulirudi kwa siku mbili. Hakuniongelesha sana. Kwenye bariyeri yule askari wa macho mekundu alikuwepo, akamtazama mwanamke, akatazama kikwembe, akaniambia, "Ndege zimeruka?" Akatuacha tupite. Niliota kicheko chake kwa miaka. Bandarini nilisimama mpaka mashua ya Idjwi iliponguruma na kuondoka na yeye ndani.

Nilirudi kazini. Wapo watakaosema ningeacha. Mimi si mtu wa kuacha. Lakini nilibadilisha kazi yenyewe, na wenzangu wakafuata. Tangu siku ile hatukupeleka habari ya mtu bila kitu chake. Kishikizo, kipande cha rozari, kamba ya kiatu, mbegu ya maharagwe ya shamba fulani. Askari hawasomi vishikizo. Na shahidi akisema hana kitu, tulimwambia mwenye kutafuta hivyo hivyo: tumesikia, hatuna kitu. Sekretari alianza kuwauliza mashahidi kwa mara ya pili, peke yao, mimi nisiwepo. Mwanzoni iliniuma.

Miezi mingi baadaye mama wa sambaza alitua beseni lake mlangoni kwetu. Alisema wananisalimu. Fundi ametengeneza redio ya parokia, mtoto anatembea.

"Uliwaona wewe mwenyewe? Wote wawili, pamoja?"

"Papa Diplome," alisema, kwani na yeye alikuwa ameshalijua jina hilo, "bibi yake alisema utauliza ile." Akafungua fundo lake, akatoa kipande cha nguo ukubwa wa kiganja, kimekatwa kwa mkasi kwenye kikwembe chake, cha buluu.

Kiko mbele yangu mezani ninapoandika haya. Nimekitazama mara nyingi, pande zote mbili. Halafu nafumba macho nimwone yule mama kwenye benchi, anasema "sawa, papa", anainuka kuondoka, na mgongoni, chini ya mtoto, wanatembea naye wale ndege wekundu.